Virusi vya mafua visivyosikia dawa: maabara hugunduaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari kwamba virusi vya mafua "vimekuwa sugu" husambaa haraka, na mara nyingi humfikia msomaji bila maelezo ya nani alipima, alipima nini, na kipimo kilisema nini hasa. Ukurasa huu unajibu maswali hayo. Mafua tunayoyazungumzia ni yale makali yanayoletwa na virusi vya influenza, aina A na B, yanayoweza kumlaza mtu kitandani wiki nzima na kuua wazee, watoto wachanga na wenye maradhi mengine. Si mafua mepesi ya kupenga kamasi siku mbili tatu.

## Virusi kuwa sugu maana yake nini?

Maana yake ni kwamba vinaendelea kuzaliana penye kiasi cha dawa ambacho kwa kawaida kingevizuia. Wengi hudhani mwili wa mgonjwa ndio umeizoea dawa. Sivyo. Kilichobadilika ni kirusi chenyewe, tena pengine kwa herufi moja tu ya jeni zake. Kirusi hicho kikimwambukiza mtu ambaye hajawahi kuonja dawa hiyo maishani mwake, kitakuwa sugu kwake vilevile.

Chanzo ni namna virusi hivi vinavyojinakili. Jeni zake zimebebwa na vipande 8 vya RNA, na kimeng'enya kinachovinakili hakirudi nyuma kusahihisha makosa. Kwa hiyo ndani ya mgonjwa mmoja mna umati wa virusi vinavyofanana bila kulingana kabisa. Dawa ikiingia, huchuja: vinavyoisikia hukwama, na kama mna hata vichache visivyoisikia, hivyo ndivyo hubaki vikizaliana. Dawa haiumbi kosa. Hulipa nafasi kosa lililokwisha kutokea.

## Dawa zenyewe ni zipi, na zinakishika kirusi wapi?

Kundi kubwa ni la vizuizi vya neuraminidase: oseltamiviri ya kumeza, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu, zanamiviri ya kuvuta kwa pumzi, peramiviri ya kudungwa mshipani, na laninamiviri inayotumika Japani. Neuraminidase ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kikemikali, kilichochomoza juu ya ganda la kirusi, na kazi yake ni kazi ya mkasi. Virusi vipya vinapotoka kwenye seli, hunasa kwenye asidi ya sialiki iliyotanda juu ya seli hiyohiyo, kama ndege kwenye ulimbo. Mkasi huo hukata ulimbo na kuviachia. Dawa hujipachika katikati ya makali ya mkasi, na virusi hubaki vimenasa palepale vilipozaliwa.

Baloksaviri, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, hushika mahali pengine kabisa. Ili seli ikubali kusoma ujumbe wa RNA, ujumbe huo sharti uvikwe kofia ya kemikali mwanzoni mwake. Kirusi cha influenza hakiwezi kujitengenezea kofia hizo, basi huziiba kwa kuzikata kwenye ujumbe wa seli yenyewe. Kisu cha kukatia kiko kwenye protini iitwayo PA, na baloksaviri hukitia butu.

Kundi la tatu ni la zamani, amantadini na rimantadini, zilizokuwa zikiziba mfereji wa protini M2 wa virusi aina A. Badiliko moja kwenye nafasi ya 31 ya protini hiyo lilienea duniani kiasi kwamba Januari 2006 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, iliwashauri madaktari waache kuzitumia kwa mafua. Virusi aina A vinavyozunguka miongoni mwa watu leo karibu vyote vimebeba badiliko hilo, na maabara hulithibitisha kwa kusoma jeni tu.

Nimeeleza mahali pa kila dawa kwa sababu kipimo hufuata mahali hapo. Kipimo cha mkasi hakiwezi kusema lolote kuhusu kisu.

## Sampuli huanzia wapi?

Kwa mgonjwa, na mapema iwezekanavyo. Mhudumu hupitisha kijiti chenye ncha ya nyuzi za sintetiki puani au kooni, kisha hukitumbukiza kwenye chupa ya maji maalumu ya kusafirishia virusi. Chupa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiwa safari ni ya siku nyingi, hugandishwa kwenye nyuzi 70 au zaidi chini ya sifuri. Maabara huanza kwa PCR, kipimo kinachozalisha nakala nyingi za jeni ili zionekane, kujua kama ni influenza kweli, ni aina A au B, na kama ni A, ni ipi, mfano H1N1 au H3N2: H ni protini iitwayo hemaglutinini, N ni neuraminidase, na namba ni umbo la kila moja.

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua mengi. Sampuli iliyopata joto njiani huwa na RNA inayosomeka ilhali virusi vyenyewe vimekufa, na virusi vilivyokufa haviwezi kuoteshwa.

## Kipimo cha kimeng'enya hufanywaje?

Hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya ufuatiliaji wa oseltamiviri na wenzake, na hatua zake zinaeleweka hata na asiye mtaalamu.

Kwanza virusi huoteshwa, kwa sababu vile vilivyo kwenye sampuli ni vichache mno. Huingizwa kwenye seli zinazoitwa MDCK, ambazo asili yake ni figo ya mbwa na zimekuwa zikizalishwa maabara tangu mwaka 1958. Virusi vya H3N2 vya siku hizi husumbua kwenye seli za kawaida, kwa hiyo maabara nyingi huviotesha kwenye seli za MDCK zilizoongezewa asidi ya sialiki ya aina iliyo kwenye njia ya hewa ya binadamu. Siku chache baadaye maji yaliyo juu ya seli huwa yamejaa virusi.

Pili, hupimwa nguvu ya mkasi wa virusi hivyo kabla ya dawa yoyote. Virusi vya mgonjwa mmoja vinaweza kuwa na kimeng'enya kingi kuliko vya mwingine, na ukivilinganisha hivyohivyo utakuwa umelinganisha wingi, si usikivu kwa dawa. Mtaalamu huvizimua mpaka vyote vifanye kazi kwa kiwango kinacholingana. Anayeharakisha hapa huharibu kila kinachofuata.

Tatu, kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, virusi hukutanishwa na dawa kwa ngazi: kishimo kimoja hakina dawa, kinachofuata kina kiasi kidogo sana, kinachofuata kina zaidi, hadi kiasi kikubwa kupindukia. Dawa inayotumika hapa si ile iliyo ndani ya kidonge. Oseltamiviri ya kumeza ni dawa iliyolala na huamshwa na ini, kwa hiyo maabara hutumia umbo lake lililokwisha kuamka, oseltamiviri kaboksileti. Mchanganyiko huachwa kwa muda, mara nyingi kama nusu saa, ili dawa iukamate mkasi.

Nne, huongezwa chambo. Kinaitwa MUNANA, nacho ni asidi ya sialiki iliyounganishwa na rangi. Rangi hiyo ikiwa imefungwa haing'ai. Mkasi ukiikata, hung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa takriban saa moja, humiminiwa maji ya kusimamisha kazi, kisha huingizwa kwenye mashine inayopima mng'ao wa kila kishimo. Penye mng'ao mkali mkasi ulikuwa huru. Penye giza dawa ilishinda.

Kuna toleo jingine ambalo chambo chake hutoa mwanga chenyewe kwa mmenyuko wa kemikali. Hilo huona hata virusi vichache, lakini MUNANA ndiyo iliyoenea zaidi kwa sababu ni nafuu na maabara nyingi zimekwisha kuizoea.

## Namba inayoitwa IC50 ni nini?

Ni kiasi cha dawa kinachopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu. Mashine ikishasoma vishimo vyote, programu huchora mstari unaoshuka kadiri dawa inavyoongezeka, na mahali mstari unapokata nusu ndipo IC50 inaposomwa. Hutajwa kwa nanomola, kipimo kidogo sana. Virusi vingi vya aina A vinavyosikia oseltamiviri hukata nusu chini ya nanomola 1 au karibu na hapo, na vya aina B huhitaji zaidi hata vikiwa vizima kabisa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kuichukua namba hii peke yake na kuitangaza. Namba tupu haina maana, kwa sababu hubadilika kutoka maabara hadi maabara, hata kutoka chambo hadi chambo. Kinachosomwa ni uwiano: IC50 ya kirusi hiki ni mara ngapi ya IC50 ya kawaida ya virusi vya aina yake vilivyopimwa katika maabara hiyohiyo? Tuseme ya kawaida ni 0.5. Kirusi chenye 0.7 ni cha kawaida. Chenye 250 ni mara 500, na hapo kuna jambo.

Mwaka 2012 kikundi cha wataalamu cha Shirika la Afya Duniani kiliweka mipaka ili kila maabara iongee lugha moja. Kwa aina A, chini ya mara 10 huitwa kuzuiwa kwa kawaida, mara 10 hadi 100 ni kuzuiwa kulikopungua, na zaidi ya mara 100 ni kuzuiwa kulikopungua sana. Kwa aina B mipaka ni mara 5 na mara 50.

Angalia maneno yaliyochaguliwa. Ripoti ya kipimo hiki husema "kuzuiwa kumepungua" na huepuka neno "usugu", na tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Kipimo kimeona kimeng'enya ndani ya kishimo cha plastiki. Hakijaona mgonjwa, kinga yake, wala kiasi cha dawa kilichofika kwenye mapafu yake. Kirusi chenye uwiano wa mara 15 kinaweza kabisa kushindwa na dawa ndani ya mwili wa mtu. Gazeti likiandika "sugu" mahali maabara ilipoandika "kuzuiwa kumepungua", limesema kitu ambacho maabara haikusema.

## Kwa nini wasiangalie tu kama virusi vinakua kwenye seli zenye dawa?

Swali zuri, na kwa virusi vingine ndivyo inavyofanyika. Kwa vizuizi vya neuraminidase njia hiyo hudanganya. Kirusi huingia kwenye seli kwa protini nyingine, hemaglutinini, inayoshika ileile asidi ya sialiki ambayo neuraminidase huikata. Mmoja anafunga, mwingine anafungua. Sasa, kama hemaglutinini ya kirusi fulani inashika kwa ulegevu, kirusi hicho kitachomoka kwenye seli hata mkasi wake ukiwa umefungwa na dawa. Kwenye sahani kitaonekana sugu, kumbe mkasi wake uko salama. Tena asidi ya sialiki iliyo juu ya seli za maabara hailingani na ile iliyo kwenye koo la binadamu, kwa hiyo ulegevu huo unaweza kuwa wa huko maabara tu. Ndiyo maana wataalamu waliamua kuupima mkasi moja kwa moja.

## Baloksaviri nayo hupimwaje?

Hapa seli hazikwepeki, kwa sababu kisu cha PA hufanya kazi ndani ya seli wakati kirusi kinajinakili. Tabaka la seli huambukizwa, dawa huwekwa kwa ngazi zilezile, na baada ya siku moja au zaidi huangaliwa virusi vimeenea kiasi gani. Njia ya zamani ni kuhesabu mashimo yanayotokea pale seli zilipokufa. Njia ya haraka zaidi ni kutia kingamwili zenye rangi zinazoshika protini ya ndani ya kirusi, kisha kuhesabu madoa. Ipo pia mbinu inayotumia chambo cha neuraminidase kama shahidi: penye mng'ao mwingi virusi vimezaliana, penye mng'ao hafifu dawa imevizuia. Namba inayotoka huitwa EC50, kiasi cha dawa kinachopunguza kuzaliana kwa virusi kwa nusu, na kirusi huhesabiwa kuwa usikivu wake umepungua ikiwa uwiano wake umefika mara 3 au zaidi.

Badiliko linalosakwa zaidi ni I38T, kwenye nafasi ya 38 ya PA, ambapo asidi amino (tofali la protini) iitwayo isoleusini imebadilika kuwa threonini. Kwa virusi aina A hupandisha EC50 kwa makumi ya mara, na kwa aina B pungufu ya hapo.

## Kusoma jeni kunasaidiaje?

Kunasaidia kwa kasi na kwa uhakika wa jina. RNA hutolewa kwenye sampuli, hugeuzwa kuwa DNA, huzalishwa kwa wingi, kisha herufi zake husomwa. Badiliko maarufu kuliko yote ni H275Y kwenye neuraminidase ya H1N1. H ni histidini iliyokuwepo, 275 ni nafasi yake, Y ni tairosini iliyochukua mahali pake. Chanzo ni herufi moja, C iliyogeuka T katika nakala ya DNA. Herufi hiyo moja hupandisha IC50 ya oseltamiviri kwa mamia ya mara na kuiathiri peramiviri pia, ilhali zanamiviri inaendelea kufanya kazi. Ukikuta mahali pengine limeandikwa H274Y, usishtuke. Mara nyingi ni lilelile, ila limehesabiwa kwa mpangilio wa N2.

Ikiwa badiliko linajulikana, PCR maalumu huweza kulitafuta peke yake ndani ya saa chache, moja kwa moja kwenye sampuli, bila kuotesha chochote. Njia ya kusoma jeni iitwayo Sanger husoma kipande kirefu, lakini virusi vilivyobadilika vikiwa chini ya takriban asilimia 20 ya umati, huenda isivione. Mashine za kizazi kipya husoma vipande vyote 8 kwa pamoja na kurudia kila nafasi mara mamia au maelfu, kwa hiyo huona hata wachache wa asilimia kadhaa. Maabara nyingi za ufuatiliaji sasa huanza na jeni, kisha huchagua virusi vya kupelekwa kwenye kipimo cha kimeng'enya.

## Basi kipimo cha kimeng'enya cha kazi gani tena?

Kwa sababu jeni humwonyesha msomaji badiliko bila kumwambia linafanya nini, isipokuwa kama mtu alishalipima. Orodha za mabadiliko yenye madhara zilitengenezwa kwa vipimo vya kimeng'enya na seli. Kirusi kikija na badiliko geni, orodha hunyamaza. Mwaka 2023 virusi vya H1N1 vyenye mabadiliko mawili ya neuraminidase kwa pamoja, I223V na S247N, vilionekana katika mabara kadhaa. Kila moja peke yake lisingetia hofu kubwa. Kimeng'enya kilipopimwa, ikaonekana kwamba yakikaa pamoja usikivu kwa oseltamiviri hupungua, ingawa si kwa kiwango cha H275Y. Na badiliko lenye uzito kwenye N1 linaweza kuwa halina uzito kwenye N2 au kwenye aina B, kwa kuwa umbo la mkasi linatofautiana.

## Vipimo viwili vinaweza kupingana?

Vinaweza, na mfano wake ndio unaonifanya nisiamini kipimo kimoja kikisimama peke yake.

Mwaka 2013, mafua ya ndege ya H7N9 yalipoanza kuua watu China, kirusi kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Shanghai kilipimwa kwa kimeng'enya kikaonekana kinasikia dawa vizuri. Jeni zikasema vingine: palikuwa na R292K, badiliko la arjinini kuwa laisini kwenye nafasi ya 292, ambalo kwa virusi vya namna hii ni la hatari. Nani aaminiwe?

Watafiti walivitenganisha virusi vilivyokuwemo na kuvipima kimoja kimoja. Kumbe sampuli ilikuwa mchanganyiko. Vyenye R292K vilikuwa sugu kweli, lakini mkasi wao ulikuwa dhaifu, ukikata chambo kidogo tu. Vya kawaida vilikuwa na mkasi wenye nguvu. Kwa hiyo karibu mng'ao wote uliosomwa na mashine ulitoka kwa vile vya kawaida, na dawa ilipovizuia hivyo, ikaonekana imezuia vyote. Virusi sugu vilijificha nyuma ya ndugu zao wenye nguvu. Kipimo hakikukosea hesabu yake. Kiliulizwa swali kuhusu mkasi, kikajibu kuhusu mkasi wenye sauti kubwa kuliko yote.

Kinyume chake hutokea pia. Virusi vya H3N2 vikioteshwa kwenye seli za MDCK, wakati mwingine hupata mabadiliko kwenye nafasi ya 151 ya neuraminidase yanayovuruga usomaji, na mabadiliko hayo hayakuwemo kwa mgonjwa. Yamezaliwa maabara. Dawa yake ni kurudi kwenye sampuli ya kwanza, ile iliyotoka puani, na kusoma jeni zake kabla ya kutangaza lolote. Ndiyo sababu maabara makini haitupi sampuli ya asili hata baada ya virusi kuota.

## Si kweli kwamba virusi sugu huwa dhaifu na hufa vyenyewe?

Ndivyo ilivyoaminika kuhusu H275Y. Majaribio ya awali yalionyesha virusi vyenye badiliko hilo vikichechemea, na wengi wakaona hakuna sababu ya wasiwasi. Kisha, mwishoni mwa Januari 2008, Norway ikatoa taarifa kwamba sehemu kubwa ya virusi vyake vya H1N1 vya msimu haikuzuiwa na oseltamiviri. Msimu ulipofungwa, walikuta ni takriban theluthi mbili. Norway haikuwa nchi inayotumia dawa hiyo kwa wingi. Wagonjwa wenyewe hawakuwa wameimeza. Kufikia msimu wa 2008 na 2009, karibu virusi vyote vya H1N1 vya msimu duniani vilikuwa hivyo.

Maelezo yalipatikana baadaye. Mabadiliko mengine kwenye neuraminidase yalikuwa yametangulia na kuuimarisha mkasi, kwa hiyo H275Y ilipofika haikukilemaza kirusi. Kilikuwa sugu na bado kina mbio.

Kilichotuokoa na virusi hivyo ni kirusi kingine. Mwaka 2009 H1N1 mpya ilizuka, ikaenea dunia nzima na kukifuta kile cha msimu, nayo ilikuwa inasikia oseltamiviri. Hata hivyo, vikundi vya H275Y vimeshaonekana ndani ya H1N1 hiyo mpya: Newcastle nchini Australia mwaka 2011, na Sapporo nchini Japani msimu wa 2013 na 2014, vikipita kutoka mtu hadi mtu miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakuwa wametumia dawa.

## Kwa hiyo matumizi ya dawa hayahusiki?

Yanahusika, ila kwa njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni hiyo ya Norway, virusi sugu kuenea vyenyewe. Ya pili ni usugu kuzuka ndani ya mgonjwa anayetibiwa. Huonekana zaidi kwa wenye kinga dhaifu, ambao virusi hukaa mwilini mwao kwa wiki nyingi huku dawa ikichuja kila siku, na kwa watoto wadogo. Katika jaribio kubwa la baloksaviri lililochapishwa mwaka 2018, mabadiliko ya nafasi ya 38 yalizuka kwa asilimia 9.7 ya vijana na watu wazima waliopewa dawa. Kwa watoto kiwango kilikuwa kikubwa zaidi.

Mgonjwa afuate dozi kama alivyoelekezwa. Na asimeze antibayotiki akidhani zitatibu mafua, kwa sababu haziui virusi kabisa.

## Nikiugua, daktari atanipima usugu?

Kwa kawaida hapana, na hupaswi kuona umenyimwa haki. Dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, ilhali kuotesha virusi na kuvipima huchukua siku hadi wiki. Ukisubiri jibu, wakati wa dawa umepita. Vipimo hivi ni vya kulinda jamii: husaidia kuamua dawa ipi ipendekezwe msimu unaokuja na ipi iwekwe akiba.

Wapo wanaopimwa. Mgonjwa aliyelazwa ambaye hapati nafuu au anaendelea kutoa virusi akiwa kwenye dawa, aliyepandikizwa uboho au kiungo, aliyeugua wakati anatumia dawa kwa kujikinga, na aliyeambukizwa mafua ya ndege. Kwa hao, PCR ya badiliko mahususi inaweza kutoa jibu mapema kiasi cha kubadilisha dawa.

## Mafua ya ndege hupimwa vivyo hivyo?

Kanuni ni zilezile, ulinzi ni mwingine. Virusi vya msimu hushughulikiwa kwenye maabara za usalama wa kibiolojia ngazi ya 2. H5N1 kali huoteshwa kwenye ngazi ya 3 tu, yenye hewa inayodhibitiwa na mavazi maalumu. Maabara nyingi hazina nafasi hiyo, kwa hiyo husoma jeni na kupeleka virusi kwingine.

## Maabara zinajuaje kwamba zinapima sawasawa?

Kila sahani huwekwa virusi viwili vya rejea, kimoja kinachosikia dawa na kingine kinachojulikana kuwa sugu. Visiposoma vinavyotarajiwa, sahani nzima hutupwa, hata kama matokeo mengine yanaonekana mazuri. Mara kwa mara pia maabara hupelekewa sampuli za mtihani ambazo majibu yake yamefichwa, na majibu yao hulinganishwa na ya wenzao duniani.

Matokeo hukusanywa na mtandao wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia mafua, ulioanzishwa mwaka 1952, wenye vituo vikuu Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing miongoni mwa vingine. Mfuatano wa jeni huwekwa kwenye hazina ya GISAID, iliyoanza mwaka 2008. Katika ripoti za pamoja za miaka iliyofuata janga la 2009, virusi vilivyopungukiwa na usikivu kwa vizuizi vya neuraminidase vimekuwa chini ya asilimia 2 msimu baada ya msimu.

## Kipimo kikionyesha kuzuiwa kumepungua sana, nini hufuata?

Kipimo hurudiwa kwanza, na mtu mwingine ikiwezekana. Jeni za virusi vilivyooteshwa husomwa, kisha za sampuli ya asili, ili kuona kama badiliko lilitoka kwa mgonjwa au lilizaliwa kwenye seli. Virusi hupimwa dhidi ya dawa nyingine zote, kwa kuwa kilichoshinda oseltamiviri huenda bado kinasikia zanamiviri au baloksaviri. Taarifa hupelekwa kwa mamlaka ya afya na kituo kikuu cha kanda.

Halafu maabara hupiga simu kule sampuli ilikotoka na kuuliza mambo ambayo mashine haiyajui. Mgonjwa alianza dawa lini, kabla au baada ya kuchukuliwa sampuli? Ana kinga dhaifu? Kuna mwingine nyumbani, shuleni au wodini aliyeugua siku hizohizo? Jibu la maswali hayo ndilo linalotenganisha usugu uliozuka ndani ya mtu mmoja akitibiwa na ule unaotembea mitaani, na hatua za kuchukua ni tofauti kabisa. Mara nyingi majibu hayapatikani kwa sababu fomu iliyoambatana na chupa ilijazwa jina la kituo na tarehe tu. Kama wewe ndiye unayejaza fomu hiyo, andika dawa aliyopewa mgonjwa na siku aliyoanza.